Mawe ya redio na kopo la juu ya kabati

Nyumbani kwetu kijijini mawe ya redio, yaani betri, hayakutupwa. Yakichoka, Baba aliyaanika juani, na jioni redio ikasema tena, angalau hadi taarifa ya habari iishe. Yakigoma kabisa, sisi watoto tuliyapasua tupate ule unga mweusi wa kupaka ubao wa shule.

Joto la jua huamsha kemikali zilizobaki kwa muda mfupi tu. Kopo la jiwe lenyewe ni zinki, na zinki hiyo huliwa kadiri umeme unavyotoka. Jiwe lililokwisha lina ukuta mwembamba, ndiyo maana huvuja. Redio ya Baba ilikufa hivyo, springi zote zimeliwa. Siku hizi kifaa kisichotumika nakitoa betri, wala sichanganyi mpya na kuukuu.

Lakini inayonitia hofu zaidi ni ile ndogo bapa kama kifungo cha shati. Nilimkuta mwanangu wa miaka miwili akiipeleka mdomoni, imechomoka kwenye rimoti iliyopasuka. Yenye alama CR2032 ina upana wa milimita 20, na hukwama kwenye umio wa mtoto kwa urahisi. Mate hupitisha umeme, na pale inapogusa hutokea kemikali kali inayounguza nyama ndani ya saa 2, hata kama betri haina tena nguvu ya kuwasha rimoti. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja na uombe eksirei. Aliyepita mwaka mmoja, kama anameza vizuri, anaweza kupewa asali njiani, vijiko 2 vya chai kila dakika 10, ila usichelewe kwa ajili ya kuitafuta.

Zilizokwisha naziweka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, juu ya kabati, mahali pakavu. Zile bapa na za volti 9 nazizungushia selotepu kwanza, maana ncha zake zikigusana zinaweza kuwasha moto. Betri ya simu iliyovimba haiingii humo kamwe. Hiyo hukaa peke yake nje, kwenye mkebe wa bati wenye mchanga, hadi niipeleke.

Kopo likijaa nalipeleka WEEE Centre hapa Nairobi, wanakopokea taka za vifaa vya umeme. Nikienda kijijini, Mama hunikabidhi za kwake kwenye mfuko. Zamani ziliishia shimo la taka, tukalichoma kila Jumamosi, na kisima chetu kiko hatua chache tu chini ya shimo hilo.