Wasomaji Wanauliza: Kadi ya king'amuzi, kuibadilisha na kuitumia tena

Safari hii tumepokea maswali mengi kuhusu ile kadi ndogo inayochomekwa kwenye king'amuzi cha setilaiti. Tumechagua yale yanayojirudia zaidi.

Swali: Nimeletewa kadi mpya badala ya ya zamani. Nilichomoa ya zamani nikaweka mpya, lakini skrini inaniambia chaneli imefungwa. Nikirudisha ya zamani, picha inarudi. Je, nimepewa kadi mbovu?

Kadi yako ni nzima. Haijapata ruhusa tu, na ruhusa haiji pamoja na kadi kutoka kiwandani.

Picha ya chaneli ya kulipia hurushwa ikiwa imefungwa kwa ufunguo unaobadilika kila baada ya sekunde 10 hivi. Ufunguo huo husafiri ndani ya matangazo yaleyale, umefichwa katika ujumbe ambao kadi peke yake ndiyo inayoweza kuusoma. Kadi huangalia kwanza: je, ninayo ruhusa ya kifurushi hiki, na tarehe yake haijapita? Ikiwa ipo, inakipa king'amuzi ufunguo na picha inafunguka. Ikiwa haipo, inanyamaza. Ruhusa yenyewe nayo hushuka kutoka kwenye setilaiti, imeandikiwa namba ya kadi moja. Ving'amuzi vyote vya mtoa huduma hupitiwa na ujumbe huo, ila ni kadi yenye namba hiyo tu inayoushika na kuuhifadhi.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza mjulishe mtoa huduma namba ya kadi mpya, na kama atataka, namba ya king'amuzi pia (huwa kwenye kibandiko chini au nyuma ya boksi). Kisha chomoa king'amuzi kwenye umeme, subiri dakika moja, toa kadi ya zamani, ingiza mpya kwa upande ulioonyeshwa na mshale, halafu washa. Fungua chaneli iliyomo kwenye kifurushi chako na uiache hapohapo. Mara nyingi inafunguka ndani ya nusu saa, nyakati nyingine huchukua saa kadhaa.

Kosa lako lilikuwa kurudisha kadi ya zamani. Ujumbe wa ruhusa unaopita wakati kadi mpya iko mezani haukusubiri, umepita. Ukiwa unabadilishana kadi kila dakika tano, kadi mpya inaweza kukosa kila kilichorushwa kwa ajili yake. Pia ujue kwamba namba mpya ikishasajiliwa, kadi ya zamani hufungwa, hivyo hata hiyo picha unayoiona sasa itakatika.

Swali: Nilisafiri wiki sita, king'amuzi kikiwa kimezimwa ukutani. Nimelipia kifurushi siku mbili kabla ya kurudi. Hakuna chaneli hata moja iliyofunguka, na malipo yamepokelewa. Tatizo ni kadi?

Hapana, tatizo ni wakati. Mtoa huduma anapopokea malipo, hurusha ruhusa mara nyingi kwa muda mfupi, kisha huirudia kwa nafasi ndefu zaidi kwa sababu ana wateja wengi wa kuwahudumia kwenye njia hiyohiyo. King'amuzi chako kilikuwa kimelala wakati ujumbe unarushwa kwa wingi.

Omba ruhusa irushwe upya. Watoa huduma wengi wana njia ya kufanya hivyo kwa simu au kwa programu bila kuongea na mtu. Lakini kabla ya kuomba, hakikisha boksi limewaka na linaonyesha mawimbi ya kutosha. Ni kosa la kawaida sana mtu kuomba ruhusa irushwe huku boksi limezimwa, kisha akaliwasha baada ya saa tatu na kulalamika.

Na usitegemee stendibai. Baadhi ya ving'amuzi huendelea kupokea ujumbe vikiwa stendibai, vingine huzima kabisa kipokezi cha mawimbi ili kuokoa umeme. Ukisubiri ruhusa, acha boksi limewaka kikamilifu. Televisheni unaweza kuizima.

Swali: Kila baada ya siku chache king'amuzi kinasema "weka kadi" wakati kadi imo. Nikiisukuma kidogo inakubali. Fundi mmoja ameniambia nikunje karatasi niiweke juu ya kadi ili ikae imara. Nifanye hivyo?

Usifanye. Tundu la kadi limetengenezwa kwa unene wa milimita 0.76, ambao ndio unene wa kadi zote za aina hii. Ukiongeza karatasi, vile visipringi vidogo vya ndani hupinda moja kwa moja. Siku utakayoiondoa karatasi, kadi haitagusa tena, na kuanzia hapo hakuna kadi itakayosomeka bila karatasi.

Kwanza tofautisha ujumbe unaoandikwa kwenye skrini, kwa sababu maneno yanayofanana hubeba magonjwa tofauti. King'amuzi kinapowaka, hukipa kipande cha chipu umeme, nayo chipu hutakiwa kujitambulisha papo hapo. Isipojibu kabisa, utaona "weka kadi" au "kadi haisomeki": hapo shida ni ya mguso, ya chipu iliyokufa, au ya tundu. Ikijibu lakini si ya mfumo wa boksi hilo, utaona "kadi si sahihi". Ikijibu vizuri ila haina ruhusa, utaona "chaneli imefungwa" au maneno ya aina hiyo. Wa tatu huna haja ya kusafisha chochote. Ni suala la malipo au la kurushiwa ruhusa.

Wako ni wa kwanza. Ukiitazama ile sehemu ya rangi ya dhahabu utaona imegawanyika vipande. Kimoja hupeleka umeme, kingine ni cha kurudisha umeme, kingine cha kuianzisha chipu, kingine cha mapigo ya saa, na kimoja tu ndicho kinachopitisha mazungumzo yote kati ya kadi na boksi, kwenda na kurudi. Alama moja ya mafuta ya kidole juu ya kipande hicho kimoja inatosha kuikata kadi nzima.

Chomoa umeme. Lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi kwa spiriti ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi kama inapatikana, ufute uso wa dhahabu taratibu, kisha uache ukauke dakika mbili. Usitumie msasa, wala kisu, wala kile kiondoa rangi ya kucha. Hicho cha mwisho huyeyusha plastiki. Kifutio cha penseli huwa kinasaidia, lakini kina mchanga mwembamba ndani yake na rangi ya dhahabu ni tabaka jembamba mno, kwa hiyo kifanye kiwe cha mara moja tu, si desturi ya kila mwezi.

Sehemu ya ndani usiiguse kwa sindano. Boksi likiwa bado limechomolewa, ingiza kadi na kuitoa mara nane au kumi. Msuguano huo hukwangua kutu nyembamba iliyoota kwenye visipringi, na mara nyingi ndiyo dawa yenyewe.

Baada ya hapo, kama kadi inasomeka asubuhi na kukataa baada ya saa moja, shuku joto. Chipu imeunganishwa na vipande vya dhahabu kwa nyaya nyembamba kuliko unywele; kadi iliyowahi kupinda inaweza kuwa na waya uliokatika ambao hugusana ukiwa baridi na kuachana ukipata moto. Achia nafasi ya sentimita 10 juu ya boksi, usirundike dishi la mapambo wala kifaa kingine juu yake. Ikiendelea, iweke kadi hiyo kwenye king'amuzi kingine cha mtoa huduma yuleyule na ufungue ukurasa wa taarifa za kadi. Namba ya kadi ikionekana kila mara, hata kama chaneli hazifunguki, kadi ni nzima na tundu la boksi lako ndilo bovu. Isipoonekana, omba kadi nyingine.

Swali: Basi mbona chaneli hazifunguki kwenye boksi lingine, ikiwa ruhusa imo ndani ya kadi?

Kwa sababu ya kuoanishwa. Zamani kadi iliyolipiwa ilifanya kazi kwenye boksi lolote la mfumo huo. Siku hizi mifumo mingi huifunga kadi na boksi moja: kadi haitoi ufunguo ukiwa wazi, huutoa umefungwa kwa siri ambayo imo ndani ya chipu ya boksi hilo tu. Boksi la jirani linapokea ufunguo lisioweza kuufungua.

Hivyo ukibadilisha boksi na kubaki na kadi yako, lazima uoanishaji ufanyike upya, na unafanywa na mtoa huduma, si na fundi. Andaa namba mbili, ya kadi na ya boksi jipya, na uwe mbele ya televisheni boksi likiwa limewaka. Soma tarakimu zote mpaka ya mwisho. Kama maandishi juu ya kadi yamefutika, namba hiyohiyo imo kwenye menyu, mara nyingi chini ya taarifa za mfumo au za kadi.

Anayenunua boksi lililotumika ajihadhari hapa. Boksi linaweza kuwa zima kabisa na bado likawa limesajiliwa kwa akaunti ya mtu mwingine, pengine yenye deni. Pata namba yake kabla ya kutoa pesa, umuulize mtoa huduma kama atakubali kulisajili kwa jina lako. Kadi iliyomo ndani yake usiihesabu kuwa sehemu ya mali unayonunua. Mpaka mtoa huduma aihamishe, ni plastiki.

Swali: Nina kadi tatu za zamani. Siwezi kuziandika upya zikatumika?

Kama mtoa huduma bado anatumia kizazi hicho cha kadi, anaweza kuifufua mojawapo na kuisajili upya, hasa kama ilifungwa kwa kukaa bila malipo tu. Kuuliza hakugharimu kitu kikubwa, na kadi iliyokaa mahali pakavu miaka mitatu haiharibiki. Kama kizazi kizima kimeondolewa, haiwezekani. Funguo zilizomo hazilingani tena na zinazorushwa, na chipu imejengwa isikubali kuandikwa na mtu asiye na siri za mtoa huduma.

Watoa huduma hubadilisha kizazi kizima hasa pale kadi zinapokuwa zimeanza kughushiwa. Na hawasubiri wakati wote kugawa mpya. Tarehe 21 Januari 2001, DirecTV ya Marekani ilirusha kupitia setilaiti amri iliyoua kadi zilizochezewa kwa wingi, siku moja, bila fundi kugonga mlango wa mtu. Njia inayoleta ruhusa ndiyo hiyohiyo inayoweza kuleta kifo cha kadi. Anayekuuzia kadi "iliyofunguliwa daima" anakuuzia kitu kinachoweza kuzimwa usiku wa leo, na ni wizi wa matangazo juu yake. Vivyo hivyo kwa wanaogawana kadi moja kupitia intaneti.

Swali: Nikibadilisha kadi, vipindi nilivyorekodi vitabaki?

Vitabaki kwenye diski, lakini huenda visifunguke. Baadhi ya ving'amuzi huhifadhi kipindi kikiwa bado kimefungwa, na kukifungua wakati wa kutazama kwa kutumia kadi au boksi lililorekodi. Kabla ya kukubali kadi mpya, tazama vile unavyovitaka sana. Angalia pia namba ya siri ya kuzuia watoto: katika mifumo mingine hurudi kwenye ile ya mwanzo kadi inapobadilishwa, na wazazi hugundua wakiwa wamechelewa.

Swali: Televisheni yangu ina tundu la moduli ya kadi ubavuni. Je, naweza kuweka kadi humo na kuachana na king'amuzi?

Unaweza ikiwa televisheni ina kipokezi cha setilaiti ndani yake na mtoa huduma wako anatoa moduli ya mfumo wake. Kadi huingia kwenye moduli, moduli huingia kwenye televisheni. Moduli za kisasa hutambuana na televisheni mara ya kwanza kwa dakika kadhaa, usizichomoe katikati. Kadi iliyooanishwa na boksi haitafanya kazi humo bila kuhamishwa, kwa sababu ileile tuliyoieleza juu.

Swali: King'amuzi changu kipya hakina tundu la kadi. Je, nitumie wapi kadi yangu?

Hakuna mahali pa kuitumia. Katika boksi la namna hiyo siri na ruhusa zimo ndani ya chipu ya boksi lenyewe, na namba inayolipiwa ni ya boksi. Likiharibika, hakuna cha kuchomoa na kuhamisha. Akaunti ndiyo huhamishwa. Kadi yako ya zamani itazame kwa nyuma: kadi nyingi zimeandikwa kuwa ni mali ya mtoa huduma na zirudishwe zikitakiwa. Asipoitaka, subiri mpaka akaunti iwe imehamia boksi jipya na chaneli zinaonekana, ndipo uikate katikati ya chipu na kuipeleka pamoja na taka za vifaa vya umeme. Usiichome moto; plastiki yake hutoa moshi wenye sumu.