Moto wa Nozawa Onsen na umri wa mkosi
Umeuliza kwa nini wanakijiji wa Nozawa Onsen, mkoani Nagano, Japani, hupambana kwa mienge kila tarehe 15 Januari. Chanzo ni imani ya jadi kwamba miaka 25 na 42 ni umri wa mkosi kwa mwanamume. Kwa hiyo wenye miaka 42 huketi juu ya jengo la mbao, huku wale wa miaka 25 wakililinda chini dhidi ya wanakijiji wanaotaka kuliteketeza (na sake, pombe ya mchele, hunywewa kwa wingi, jambo linaloeleza sehemu ya ushujaa huo). Hatimaye jengo huachwa liungue kwa heshima ya Dosojin, mungu mlinzi wa njia na mipaka ya kijiji.