Silikoni yenye harufu ya siki na terminali za shaba zilizoota ukijani

Swali: Mhandisi, mimi ni fundi wa matengenezo na ninajiandaa kujiunga na mafunzo ya kitaalamu kuhusu nyenzo za uhandisi. Tuliziba masanduku ya swichi kwa silikoni ili maji yasiingie. Tulipoyafungua miezi michache baadaye, terminali za shaba zilikuwa na utando wa kijani, na skrubu zilizopakwa zinki zilikuwa na unga mweupe, ingawa ndani hamkuwa na hata tone la maji. Je, silikoni si kinga dhidi ya kutu? Na ni mafunzo gani yangenisaidia kulijua jambo hili mapema?

Jibu: Ndugu msomaji, kuna jambo moja ambalo hukulitaja, nalo ni harufu ya silikoni mliyoitumia ilipokuwa mbichi. Kwa dalili ulizozieleza, nina hakika kubwa kwamba ilinuka siki. Aina hiyo hukauka kwa kufyonza unyevu wa hewani, na kadiri molekyuli zake zinavyoungana ndivyo inavyotoa asidi ya asetiki, yaani asidi ileile iliyomo katika siki. Mahali palipo wazi mvuke huo hutawanyika bila madhara makubwa. Ndani ya sanduku lililofungwa hauna pa kutokea, kwa hiyo hutua juu ya metali, huchanganyika na unyevu mdogo uliopo na kuanza kuila. Shaba hutoa chumvi za rangi ya kijani au ya buluu, na zinki hutoa unga mweupe ambao mafundi huuita kutu nyeupe. Ndiyo maana hamkuona maji: metali haihitaji tone linaloonekana, utando mwembamba wa unyevu unatosha.

Muda nao umechangia. Silikoni ya namna hii huanza kukauka juu na kuelekea ndani, kwa kawaida milimita 2 hadi 3 kwa siku katika joto la chumba na unyevu wa wastani, na kasi hupungua kadiri ganda la juu linavyokuwa nene. Mkijaza tundu la nyaya lenye kina cha sentimita moja au mbili na kufunga kifuniko siku hiyohiyo, kitovu cha silikoni kitaendelea kutoa asidi kwa siku nyingi baada ya ninyi kuondoka, na sehemu kubwa ya mvuke huo itaelekea ndani ya sanduku.

Kwa hiyo ondoeni silikoni yote kwa kisu na kikwangulio, safisheni kwa alkoholi ya isopropili, na badilisheni kila terminali ambayo utando wake umekwisha kuchimba shaba, kwa sababu utando huo huongeza ukinzani wa umeme na kiungo huanza kupata joto. Kisha tumieni silikoni ya aina isiyo na asidi. Hapa pia pana tahadhari: baadhi ya silikoni zinazouzwa kwa jina la zisizo na asidi hutoa oksimu, kemikali nyingine ya mvuke, ambayo katika nafasi iliyofungwa inaweza kuishambulia shaba, ilhali zile zinazotoa alkoholi ndizo salama zaidi kwa vifaa vya umeme. Someni karatasi ya maelezo ya kiufundi mpaka mjue ni kitu gani hasa kinachotoka wakati wa kukauka, na acheni sanduku wazi hadi silikoni ikauke kabisa. Iko pia silikoni ya sehemu mbili inayokaushwa kwa kichocheo cha platini, ambayo haitoi kitu chochote, lakini hugoma kukauka ikigusana na salfa, amini (aina ya misombo ya nitrojeni) au misombo ya bati. Hata glavu za mpira wa kawaida zinaweza kuiharibu.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo lina uzito zaidi. Mpira wa silikoni ni nyenzo bora: uti wake ni mnyororo wa atomi za silikoni (elementi yenye jina lilelile, si mpira wenyewe) na oksijeni, na kwa sababu hiyo hustahimili jua, ozoni na joto la kutoka takriban nyuzi 50 chini ya sifuri hadi nyuzi 200 za Selsiasi. Hata hivyo hupitisha mvuke wa maji na oksijeni kwa wingi kuliko karibu mpira mwingine wowote, na mpira wa butili huuzidi mbali sana katika kuzuia gesi. Huzuia maji yanayotiririka, lakini mvuke hupenya. Kinachoilinda metali chini yake ni mshikamano, kwa maana pale silikoni iliposhika barabara maji hayapati nafasi ya kutandaa juu ya uso wa metali. Ukiipaka juu ya kutu, vumbi au mafuta, mshikamano huo haupo, na kutu itaendelea kimyakimya chini yake. Chuma cha pua nacho hakisalimiki, kwa sababu ufa mwembamba kati yake na gasketi iliyolegea hukosa oksijeni, hukusanya kloridi, na utando unaokilinda huvunjika humo.

Ndiyo sababu chuma husafishwa na kupakwa rangi ya kinga kwanza, kisha huzibwa kwa silikoni. Mpangilio huo usigeuzwe, kwa kuwa rangi haishiki juu ya silikoni, na hata mabaki yake yasiyoonekana huifanya rangi ijikunje na kuacha vidoa vitupu.

Kuhusu mafunzo, chagua yale yanayofundisha maandalizi ya uso kwa vitendo: viwango vya usafi vya ISO 8501-1, namna ya kupima kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewani huanza kugeuka matone), na kanuni ya kutopaka rangi mpaka joto la chuma lizidi kiwango hicho kwa angalau nyuzi 3. Kwa vyeti vya ukaguzi wa rangi za kinga na ulinzi wa kikathodi (kuzuia kutu kwa mkondo wa umeme), shirika linalotambulika kimataifa ni AMPP, lililoundwa mwaka 2021 kwa kuunganishwa mashirika mawili ya awali, NACE International na SSPC. Jihadhari na mkufunzi anayegeuza saa za jaribio la ukungu wa chumvi (sampuli hunyunyiziwa maji ya chumvi) kuwa miaka ya huduma. Jaribio hilo hulinganisha sampuli, halitabiri umri.

Waombe pia wakuruhusu kufanya jaribio hili dogo. Chukua mitungi miwili ya kioo, weka pamba yenye maji katika kila mmoja, kisha weka silikoni mbichi ya asidi katika mmoja na ya alkoholi katika mwingine. Katika kila mtungi, ning'iniza juu ya silikoni kipande cha shaba kilichosuguliwa na kingine cha zinki, bila kuigusa, na ufunge vifuniko. Vipande vya mtungi wa asidi vitaanza kufifia na kubadilika rangi mapema, ilhali vya mtungi wa pili vitabaki karibu kama ulivyoviweka.