Masikio ya mbwa wangu hayaponi, na sasa hasikii

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa jike wa miaka tisa mwenye masikio ya kulala. Kwa miaka mitatu sasa masikio hayo yanamsumbua: anajikuna, anatikisa kichwa, yanatoa uchafu wa kahawia wenye harufu kali. Nikipewa dawa ya matone anapata nafuu, wiki chache baadaye hali inarudi. Chupa ya mwisho ilibaki nusu, basi naendelea kumtilia mwenyewe. Siku hizi nikimwita hageuki, na juzi mwanangu alipomgusa akiwa amelala, alishtuka akataka kumng'ata. Je, ndiyo ameshakuwa kiziwi? Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, wewe na mbwa wako. Kwanza kabisa, acha kumtilia hiyo dawa iliyobaki. Sikio lililougua muda mrefu huenda ngoma yake imetoboka, na baadhi ya dawa, kama vile gentamaisini, au dawa za kuoshea zenye klorheksidini, zikipita kwenye tundu hilo zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Ndiyo maana daktari anapaswa kuchungulia ndani kwa otoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, kabla ya kuandika dawa. Kama njia ya sikio imevimba kiasi kwamba ngoma haionekani, atashusha uvimbe kwanza, au amlaze kwa dawa ya usingizi aweze kusafisha na kuangalia vizuri.

Sasa, kwa nini ugonjwa unarudi? Bakteria na fangasi wanaokutwa kwenye masikio haya mara nyingi huishi kwenye ngozi ya mbwa hata akiwa mzima. Wanapata nafasi ya kuzaana pale ngozi ya sikio inapowashwa na kitu kingine, na matone yanawapunguza wao tu, yanakiacha kitu hicho palepale. Kwa mbwa wengi kitu hicho ni mzio, wa vumbi, chavua au chakula. Mtazame: je, analamba nyayo? Anajikuna makwapani na tumboni? Kama ndiyo, tatizo lake ni la ngozi ya mwili mzima, na sikio ni mahali linapojionyesha zaidi. Kwa umri wake ningeomba pia apimwe damu kuona kama tezi ya shingo inafanya kazi sawasawa, na aangaliwe kama kuna kinyama kilichoota ndani. Utitiri wa masikio upo, lakini huwasumbua zaidi mbwa wadogo.

Kipimo ambacho nakusihi usikubali kirukwe ni kuchukua uchafu wa kila sikio na kuutazama kwenye hadubini. Kinachukua dakika chache, na kinaonyesha kama ni fangasi, bakteria, au vyote viwili. Wakionekana bakteria wenye umbo la fimbo, sampuli ioteshwe maabara, maana mmoja wao, Pseudomonas, ni sugu kwa dawa nyingi. Kipimo hicho kirudiwe kabla ya kusimamisha matibabu. Harufu kwisha si ushahidi wa kupona, na nadhani hapo ndipo miaka yenu mitatu ilipopotelea.

Mzio wa chakula hauna kipimo cha damu cha kuaminika. Hujulikana kwa kumlisha wiki nane chakula chenye protini ambayo hajawahi kula, bila vipande vya mezani wala zawadi. Ni kazi ngumu, nyumba nzima lazima ikubaliane.

Kuhusu uziwi, bado usikate tamaa. Njia ya sikio la mbwa hushuka chini kisha hukata kona kuingia ndani, hivyo uvimbe na usaha huiziba kwa urahisi. Sauti ikizuiwa namna hiyo, usikivu unaweza kurudi kwa kiasi fulani baada ya matibabu. Neva zikiwa zimekufa kwa uzee au kwa dawa, haurudi. Kipo kipimo kinachosoma umeme wa ubongo mbwa anaposikilizishwa mlio, na hutofautisha sikio moja na jingine. Akianza kuinamisha kichwa upande mmoja au kuyumba, mpeleke siku hiyohiyo.

Masikio yakishakakamaa na kuwa magumu kama mfupa, dawa haifiki tena. Hapo upasuaji wa kuondoa njia yote ya sikio ndio unaomaliza maumivu. Watu huuogopa kwa sababu ya usikivu, lakini mbwa aliyefika hatua hiyo kwa kawaida alikuwa hasikii vizuri tangu zamani, na maumivu yake ni makubwa kuliko anavyoyaonyesha.

Mwanao asimguse tena akiwa amelala. Mbwa huyu si mkali, alishtuka, tena huenda sikio lilimuuma. Muamsheni kwa kugonga sakafu karibu naye, au mwachie anuse mkono kwanza. Anzeni sasa kumfundisha ishara za mikono, moja moja, kila ishara ikifuatwa na kitu anachokipenda. Kwa usiku, kuwasha na kuzima taa humwita vizuri. Nje asitoke bila kamba, kwa sababu gari hatalisikia.

Siku mbili kabla ya kwenda kwa daktari usimsafishe masikio, ili sampuli ipatikane, na ubebe chupa za dawa zote alizowahi kutumia, hata zilizo tupu.