Pasipoti Imetoka Mapema: Je, Mungu Amesema?

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja. Wakala amenipatia kazi ya nyumbani Saudia, mkataba wa miaka miwili. Nilifunga siku tatu nikamwambia Mungu: pasipoti ikitoka kabla ya Ijumaa, nitajua ni mapenzi yako. Ikatoka Jumatano. Lakini tangu siku hiyo sina amani, hata usingizi umenipotea. Nifuate ishara au moyo?

Dada, usiamue kwa ishara hiyo, wala usiamue ukiwa na njaa na macho mekundu.

Wengi huiga Gideoni, aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo (Waamuzi 6:36-40), ila husahau kwamba Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Katika mstari wa 36 anakiri mwenyewe kuwa Mungu amesema. Aliomba ishara kwa sababu ya hofu, na Mungu akamvumilia. Hatukuagizwa popote tufanye hivyo. Isitoshe, pasipoti kutoka Jumatano kunaonyesha tu kwamba Nyayo House, ofisi ya pasipoti, wamemaliza kazi yao. Hakukuambii lolote kuhusu mwajiri wako wala kuhusu watoto. Yona naye alipomkimbia Mungu alikuta merikebu tayari pale Yafa, na nauli alikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na safari ilikuwa ya uasi.

Yona huyohuyo alilala fofofo ndani ya merikebu. Kwa hiyo utulivu wa moyo peke yake si ushahidi, na wasiwasi peke yake si katazo. Ignatius wa Loyola, aliyeandika sana katika karne ya 16 juu ya kupambanua roho, yaani kupima msukumo wa moyo kama unatoka kwa Mungu au la, alionya kwamba mtu asibadilishe uamuzi wakati moyo umegubikwa na giza. Basi kwanza kula, lala siku mbili tatu, ndipo uketi na daftari.

Andika kila kinachokutia hofu, kimoja kimoja. "Naogopa" haitoshi. Andika: "Sijui nani ataishi na mtoto mdogo," au "Sijauona mkataba." Utaona kwamba mengi ya hayo yanaweza kuchunguzwa, na kuyachunguza ni sehemu ya maombi. Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Udai mkataba mkononi kabla ya kusafiri, unaotaja mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na nani analipa tiketi. Wakala akikwepa maswali hayo, hapo umepata jibu bila ndoto wala maono.

Kisha tafuta watu watatu: mmoja anayelijua Neno na asiye na faida yoyote katika safari yako, mmoja aliyefanya kazi huko akarudi, na yule atakayebaki na watoto. Usiwaambie unakoelekea moyoni. Waeleze jambo lote, wasikize. Hapa ndipo wengi hukosea: huwaendea wale tu watakaosema amina. Timotheo wa Kwanza 5:8 inakutaka uwatunze walio wako. Kuwatunza ni karo na chakula, na pia ni malezi. Ukiona mpango unaotosheleza yote mawili, nenda kwa imani. Ukiona malezi hayana mtu, subiri, pasipoti haiozi.

Katika kesha la Ijumaa nabii aliniambia dada ninayetaka kumchumbia si wangu, akanitajia mwingine. Sasa anataka nitume 5,000 kwa simu ili neno litiwe muhuri. Nikikataa nitakuwa nimempinga Roho? – Kijana wa Kawangware

Ndugu, usitume hata shilingi. Naamani alipoponywa ukoma, nabii Elisha alikataa zawadi yake kwa kiapo. Gehazi, mtumishi wa Elisha, ndiye aliyemkimbilia Naamani nyuma kuchukua fedha, akaishia kupata ukoma (2 Wafalme 5).

Paulo hakutuambia tudharau unabii. Alisema: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:21). Kujaribu basi ni utii. Uliza neno hilo linapatana na Maandiko au la, na linamtukuza Kristo au linamtajirisha msemaji. Uliza pia kama msemaji yuko tayari kulirudia mbele ya mchungaji wako na wazee wa kanisa. Anayekutaka ulifiche neno ana sababu.

Na hata unabii wa kweli haukuondolei wajibu wa kupima. Nabii Agabo alitabiri kwamba Paulo angefungwa Yerusalemu. Ndugu wakamsihi asipande, yeye akaenda, kwa kuwa Mungu alikuwa ameshamwonyesha kazi yake (Matendo 21). Soma pia 1 Wafalme 13, uisome polepole. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliambiwa waziwazi asile wala asinywe kule Betheli. Nabii mzee akamdanganya kwamba malaika amesema vingine. Akaamini, akala, akauawa na simba njiani. Cheo cha msemaji hakikumwokoa.

Kuhusu mchumba, Biblia inaweka uzio mmoja ulio wazi: awe katika Bwana. Ndani ya uzio huo una uhuru wa kuchagua, pamoja na kazi ya kumjua mtu: anavyotumia pesa, anavyowasemesha wadogo, anavyokasirika na anavyoomba msamaha. Ingieni darasa la ushauri kabla ya ndoa mapema, kabla ya wazee kukaa kujadili mahari.

Je, ni lazima nimuulize Mungu kuhusu kila kitu, hata nguo ya kuvaa?

Mshukuru kwa kila kitu, ila si lazima usubiri sauti kwa kila kitu. Bustanini Adamu alikatazwa mti mmoja. Hakupangiwa tunda la mchana. Vaa kwa heshima, uende kazini.

Niliomba miezi mingi, nikakopa 80,000 kwenye Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, nikafungua kibanda cha nguo. Kimefungwa. Nilitoka nje ya mapenzi ya Mungu?

Hasara si kipimo. Paulo aliona maono Troa, akavuka kwenda Makedonia kwa utii, na mjini Filipi akapigwa bakora na kutiwa gerezani (Matendo 16). Alikuwa pale hasa alipotumwa.

Hata hivyo, kaa na hesabu zako kwa unyofu, maana Bwana mwenyewe alitufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Je, kodi ya miezi mitatu ya kwanza ulikuwa umeiweka kando? Uliuza kwa mkopo kwa marafiki? Mtaji uliutumia nyumbani? Hayo ni makosa ya hesabu, na dawa yake ni kujifunza, usiyahesabu kuwa dhambi. Kama uliwadanganya wadhamini juu ya kipato chako, hilo tubu.

Usichopaswa kuuliza ni kama Mungu anataka ulipe deni. Hilo limeshaandikwa. Nenda Sacco wiki hii uombe muda mrefu zaidi wa kulipa, na uwaone wadhamini wako kabla akiba yao haijaguswa.