Meno, pua na jina la gunia: maswali yenu wiki hii

*Dada, nina miaka 19, nimelelewa Njoro. Meno yangu ni ya kahawia. Nikicheka naziba mdomo. Nimeyasugua kwa majivu hadi ufizi ukatoa damu.*

Mdogo wangu, majivu yaache leo. Yanakwangua jino, na rangi hiyo si uchafu. Miamba ya volkano huku Bonde la Ufa hutia madini ya floraidi katika maji ya visima. Mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, huota na madoa. Hata kuchemsha maji hakuiondoi floraidi hiyo. Daktari wa meno anaweza kuyang'arisha au kuyafunika, mfuko ukiruhusu. Kabla ya hapo, cheka mbele ya mtu mmoja unayemwamini bila kuinua mkono. Najua ni kazi.

*Niko chuo hapa Kisumu. Kila asubuhi nakaa mbele ya kioo saa mbili nzima nikiikagua pua yangu. Mama husema ni nzuri, lakini hainiingii. Darasani siendi tena.*

Kaka, pua yako hukuieleza hata kidogo. Umenieleza saa mbili, na hizo ndizo zinazonitia hofu. Kuna ugonjwa wa namna hii, na daktari Mwitaliano Enrico Morselli aliueleza tangu 1891. Mara nyingi huanza mtu akiwa kijana, na wanaume hauwaachi. Akili hushika kiungo kimoja, ikakikuza hadi uso wote ukapotea. Ndiyo maana maneno ya mama hukutuliza dakika chache tu, kisha kioo kinakuita tena. Usikimbilie upasuaji: mara nyingi wasiwasi hubaki palepale au huhamia kwingine. Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo, inayokuzoesha kupunguza kujikagua kidogo kidogo, pamoja na dawa kama fluoxetine daktari akiona inafaa. Nenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi, uulizie daktari wa afya ya akili. Mtajie hizo saa mbili, usiseme tu "nina mawazo". Na ikiwa umewahi kuwaza kujitoa uhai, nenda leo hii, mtu akusindikize.

*Wifi yangu hapa Kakamega huniita "gunia" mbele ya watoto.*

Mwambie mumeo, kisha wifi mwenyewe: jina langu ni Mama fulani. Binti yako anasikia, na yeye pia ana mwili. Akirudia, inukeni na watoto mwondoke, hata kama ugali uko mezani.