Re: Naogopa kusahau sauti ya babu

Pole sana ndugu yangu. Nimekusoma, babu kaondoka, unaogopa sauti yake itakutoka kichwani na wenzako wanataka kugawa vitu vyake haraka haraka. Mi nakushauri anza na simu yake kabla haijapewa mtu au kufutwa, voisi noti na video zote hamisha uweke sehemu mbili tofauti maana ikiharibika ndo basi tena. Halafu kaa na wazee waliokua nae, washikishe picha za zamani wasimulie huku unawarekodi, na majina andika nyuma ya picha kwa penseli laini, wino wa peni unapenyaga mpaka mbele. Koti lake kama bado lina harufu yake usilifue, lifunge kwenye mfuko. Vingine gawaneni tu ila ongeeni kwanza, vitu vya marehemu vinagombanishaga ndugu.

Kulia ukimsikia ni kawaida kabisa, usijilazimishe kusikiliza sasa hivi. Ila siku zikienda na bado huwezi kula wala kulala vizuri, muone mshauri nasaha au daktari. Ukianza kutamani umfuate, hapo usisubiri hata siku moja, mwambie mtu leo leo.